Shikamoo ya Ukutani

Aliyegundua ni Shedrack. Alikuwa anatoka bandani na ndoo ya maziwa, kumeshapambazuka, ukungu bado umelala kwenye migomba, akainua macho kuelekea barazani kama alivyofanya kila siku tangu kamera ifungwe pale. Chini ya paa palikuwa na stendi tupu. Akaweka ndoo chini, akamwita mama mwenye nyumba, na kwa kumwita akajiponza mwenyewe. Ezra alipopigiwa simu kule Dar es Salaam, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani ameona?"

Hiyo ilikuwa Alhamisi, wiki ya kwanza ya Desemba, nyumbani kwa Bi Yuditha huko Machame. Ijumaa saa nne asubuhi Mektrida akashuka kwenye bodaboda pale getini, begi la vifaa begani na hasira kidogo moyoni.

Hasira zilikuwa na sababu. Mektrida ana duka la kamera mjini Moshi, na hii iliyoibiwa aliifunga kwa mkono wake mwenyewe mwezi Agosti. Kabla ya duka alikuwa polisi, upande wa upelelezi. Kazi aliiacha, ila kuuliza maswali kukamganda. Jana yake Ezra, mtoto wa Bi Yuditha, alikuwa amempigia simu.

"Dada Mektrida, kamera ya barazani imeibiwa. Na mwizi ninamjua. Ni Shedrack."

"Kama unamjua, mimi wa nini?"

"Polisi watataka maneno ya fundi. Kesho napanda ndege. Saa nane mchana nitakuwa nyumbani, na kabla jua halijazama Shedrack atakuwa kituoni Bomang'ombe."

"Una ushahidi?"

"Ushahidi umeondoka na kamera. Si ulituambia mwenyewe?"

Kweli aliwaambia. Siku ya kufunga, Ezra alikuja na kamera za kifahari, zile ambazo lazima ulipie kila mwezi ndipo picha zikae mtandaoni, na usipolipa zinabaki kuwa pambo la ukuta. Mektrida akamwambia azirudishe. Kila mteja humuuliza umeme uko wapi, intaneti iko wapi, na picha zitalala wapi. Kwa Bi Yuditha nje hapakuwa na umeme, basi akachagua kamera za betri zenye sola ndogo. Intaneti ilikuwepo, rauta ya sebuleni. Picha zingelala kwenye memori kadi ndani ya kamera yenyewe, bila kumlipa mtu yeyote tena. Akafunga tatu: getini, bandani kwa ng'ombe, na barazani.

"Ila mjue," alisema siku ile, "mwizi akibeba kamera, amebeba na picha zake. Kuna kisanduku cha kutunzia picha, kinakaa ndani ya nyumba. Nawashauri mkichukue."

Ezra akasema kisanduku cha nini, nani atapanda huko juu. Waliosikia maneno hayo walikuwa wachache: Ezra mwenyewe, Shedrack aliyeshika ngazi, mzee Filemon ambaye ni shemeji yake Bi Yuditha na jirani wa kihamba cha pili, yaani shamba la ukoo linalofuata, na Bi Yuditha aliyekuwa anachambua maharage.

"Shikamoo mama," Mektrida akaamkia alipoingia.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Chai ipo."

"Nitakunywa, mama. Kwanza nioneshe."

Bi Yuditha akampa kigoda. Mektrida akapanda, akatazama stendi, akatazama tena. Skrubu zote nne zilikuwa zimerudishwa mahali pake na kukazwa. Waya wa sola ulikuwa umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi wa kufumia.

"Mwizi gani huyu anayefanya na usafi?" akauliza kwa sauti.

Bi Yuditha akainama kuokota majani yaliyodondoka barazani.

Mektrida akashuka. Ukuta ulinuka rangi mpya, nyeupe. Nyuma ya jiko alisikia mbuzi akilia, akachungulia: beberu mnene, wa kulishwa ndani. Kupitia mlango wa vyumba aliona vitanda vimetandikwa mashuka ya kupigwa pasi, vitanda vingi kuliko watu wa nyumba.

"Mmejiandaa na sikukuu, mama."

"Kila Desemba tunajiandaa."

"Ezra na wenzake walikuwa waje?"

"Walisema mwaka huu hawataweza." Bi Yuditha akapangusa kigoda kwa khanga ingawa hakikuwa na vumbi. "Ezra alisema si ananiona kila siku. Sasa anakuja." Uso wake ukafunguka kidogo alipotamka hilo, kisha akaukunja.

"Mara ya mwisho kuiona kamera ni lini?"

"Juzi, Jumatano jioni. Ezra alinisalimia."

"Kwa simu?"

"Kwa kamera hiyo. Inasema, mwanangu. Nipo hapa nachambua mchele, nasikia ukutani: shikamoo mama. Naitikia marahaba. Inaniambia, mama, geti liko wazi. Naenda kufunga geti."

Mektrida akachekecha hayo kichwani, akaenda bandani.

Shedrack alikuwa anakatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Kando ya mlango wa chumba chake kulikuwa na begi limefungwa zipu. Miaka minane alikuwa amefanya kazi hapo, tangu atoke kwao Singida.

"Unasafiri?"

"Kaka Ezra aliniambia nifunge vitu vyangu. Nimefunga. Lakini siendi mahali, dada. Nikikimbia nitakuwa mwizi kweli."

"Ulikuwa na ugomvi na hizi kamera?"

"Nilikuwa nao." Hakuzunguka. "Ile ya hapa bandani naifunika jani la mgomba wakati wa kukamua. Siku moja niko chini ya ng'ombe, ukuta unaniambia, Shedrack, mbona ndoo hiyo chafu? Ng'ombe akaruka, maziwa yote chini. Na ng'ombe akishtuka anazuia maziwa siku mbili. Kaka Ezra anasema ninafunika ili niibe."

"Jumatano jioni ulifunika?"

"Nilifunika. Ndiyo maana sina wa kunitetea."

Mektrida akamtazama. Alishawahi kuhoji wezi wengi, na wengi wao walikuwa na jibu kwa kila kitu. Huyu hakuwa nalo hata moja.

"Una watoto?"

"Binti, kidato cha pili. Nikilala polisi, hata nikitoka, nani atanipa ng'ombe wake nimtunze? Mlima huu wote utajua."

Mektrida akaenda kutoa kadi ya kamera ya geti, akarudi nayo, akaiingiza kwenye kompyuta yake ndogo, akakaa juu ya gunia la pumba kuangalia. Usiku wote wa Jumatano hakuna aliyeingia wala kutoka isipokuwa paka. Kwa hiyo mwizi hakupita getini. Ilibaki njia ya miguu inayokatiza kihambani kuelekea kwa mzee Filemon, na huyo naye alikuwa na lake. Mara ya mwisho Mektrida kuja hapa, mzee alilalamika mbele yake kwamba kamera ya barazani inachungulia njia yake.

Akaifuata njia hiyo. Hakufika mbali kabla ya kusimama kujitoa mashona nguo kwenye sketi. Majani yalikuwa yamefika magotini, na utando wa buibui ulikuwa umetanda kutoka mti mmoja wa kahawa hadi mwingine, haujaguswa. Njia iliyopitwa na mtu usiku wa Jumatano haiwi hivyo. Akaikwepa, akazungukia barabarani hadi kwa mzee.

"Baba, shikamoo. Siku hizi hupiti kwa shemeji yako?"

"Nipite nikachunguzwe?" Mzee Filemon alikuwa anakaanga kahawa yake mwenyewe, hakuacha kukoroga. "Zamani kila jioni nilikuwa pale. Naomba chumvi, tunaongea. Sasa nikipita, ukuta unaniuliza, baba mdogo unatafuta nini? Na majirani hivyo hivyo. Tunazunguka barabarani."

"Jumatano usiku umeme ulikatika huku?"

"Haukukatika. Niliangalia taarifa ya habari mpaka mwisho, nikalala na taa ya nje inawaka. Kwa nini?"

"Ezra anasema intaneti ya kwa mama yake ilizimika tangu usiku ule. Alidhani ni umeme."

Mzee akaacha kukoroga.

"Basi kuna mtu aliizima," akasema.

"Kuna mtu aliizima," Mektrida akakubali. Na rauta iko sebuleni, akawaza akirudi, na mlango wa sebule hufungwa kwa ndani Bi Yuditha akienda kulala. Hakulipenda wazo hilo. Alitembea polepole.

Sebuleni chai ilikuwa imemiminwa. Mektrida akaomba ruhusa, akafungua droo ya kabati alimoweka mwenyewe, siku ile ya Agosti, boksi la kamera na bisibisi yake ndogo. Ilikuwepo. Kwenye ncha yake kulikuwa na chembe za rangi nyeupe.

"Ukuta mmepaka lini, mama?"

"Wiki iliyopita."

Skrubu zilipakwa rangi pamoja na ukuta. Bisibisi hiyo ilitumika baada ya hapo, kisha ikarudishwa droo ileile, kwenye boksi lilelile.

Akakaa, akachukua simu. Ezra alimpa ruhusa ya kuziona kamera zote ili zikisumbua azirekebishe kutoka mjini. Akafungua. Geti, ipo hewani. Banda, ipo hewani. Baraza, ipo hewani.

Mektrida akasogeza simu karibu na macho.

Ezra alikuwa ameangalia mara moja tu, asubuhi ya Alhamisi, rauta ikiwa bado imezimwa. Akaona haipo, hasira zikampanda, hakurudi kuangalia tena. Hakukumbuka kwamba kamera ya betri ukiitoa ukutani haizimiki. Inaendelea mpaka betri iishe, na ikikuta intaneti iliyoizoea inajiunga yenyewe.

Akabonyeza apate picha. Giza tupu. Lakini alama za mtandao zilikuwa zimejaa, wakati pale barazani, nyuma ya ukuta wa mawe, hazikuwahi kuzidi mbili. Kamera ilikuwa karibu na rauta kuliko ilivyowahi kuwa. Akaweka simu sikioni.

"Ongeza sukari, mwanangu," Bi Yuditha akasema kutoka kwenye kochi.

Punde simu nayo ikasema, kwa sauti ya Bi Yuditha, ya chini, ya mtu aliyejifunika blanketi: "Ongeza sukari, mwanangu."

Mektrida hakuinua kichwa mara moja. Akazungusha macho tu. Juu ya rauta, kitambaa cha kufuma. Juu ya redio, kitambaa. Juu ya televisheni, kitambaa. Pembeni kabisa, chini ya picha ya harusi, sanduku la mbao la zamani, nalo lina kitambaa chake, kimenyooshwa pembe nne. Alikuja kumtafuta mwizi, na mwizi alikuwa anamwekea sukari.

"Umeona nini?" Bi Yuditha akauliza.

"Nimeona kidogo, mama. Kuna jambo ungetaka kuniambia kabla Ezra hajafika?"

Bi Yuditha akachungulia dirishani, upande wa barabara.

"Ngoja afike kwanza," akasema. "Mtoto akiwa safarini usimwambie kitu. Anaweza kugeuza."

"Na Shedrack?"

Kikombe cha Bi Yuditha kikagonga kisosi. Mektrida hakumsukuma.

Saa nane na kitu teksi ikasimama. Ezra akashuka, shati la ofisini, simu mkononi, akaliacha geti wazi nyuma yake. Mama yake alikuwa amesimama ngazini, amejifunga khanga mpya, mikono ameitanguliza mbele. Ezra akampita.

"Tumeshaamkiana kwenye simu asubuhi, mama. Yuko wapi huyu?"

Mikono ya Bi Yuditha ikashuka. Mektrida aliiona ikishuka.

Wakakusanyika barazani. Shedrack alisimama chini, uwanjani. Mzee Filemon alitokea kihambani, safari hii kwa ile njia ya zamani, suruali imejaa mashona nguo.

"Haya, fundi," Ezra akasema. "Waeleze."

"Nitaeleza nilichokiona," Mektrida akasema. "Getini hakuingia mtu, kadi ninayo. Njia ya kihambani haikupitwa, mtazame baba mdogo wako suruali yake, ndiye mtu wa kwanza kuikanyaga kwa muda mrefu. Umeme haukukatika. Rauta ilizimwa kwa mkono, mlango wa sebule ukiwa umefungwa. Kamera ilifunguliwa kwa bisibisi yake yenyewe, skrubu zikarudishwa. Na haijatoka hapa. Iko ndani ya nyumba hii mpaka sasa hivi, na bado inasikia."

"Si ndiyo hiyo!" Ezra akapiga kiganja mezani. "Ameificha ndani. Anasubiri mama aende kanisani aichukue."

"Ezra, sijamtaja mtu."

"Nani mwingine? Yeye ndiye anayeingiza maziwa ndani kila siku."

"Akalale ndani pia, azime rauta, kisha atoke na kuufunga kwa nje mlango wenye komeo la ndani?"

Lakini Ezra alikuwa amefika mahali ambapo mtu hasikii. Alishuka uwanjani, akafungua zipu ya begi la Shedrack, akalimwaga. Mashati mawili, blanketi, viatu vya kanisani, picha ya binti mwenye sare za shule. Hakuna kamera.

"Kaka," Shedrack akasema taratibu, "nimekula kwenye nyumba hii miaka minane."

"Utawaeleza wao." Ezra akaweka simu sikioni. "Haloo, kituo cha polisi?"

Hapo ndipo Bi Yuditha alipoinuka. Akashuka ngazi, akapita kando ya jiko. Walidhani anakwenda kufuta machozi. Mektrida alimfuata kwa macho mpaka kwenye mpaka wa kihamba, palipopandwa mstari wa masale tangu enzi za baba mkwe wake. Akamwona ananyonga jani moja, analichuma, analifuta umande usiokuwepo. Akarudi nalo amelishika kwa mikono miwili.

Mzee Filemon akavua kofia. "Shemeji," akasema.

Kila aliyelelewa kule mlimani anajua sale ni kitu gani. Aliyekosa ndiye hulibeba, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Kijana humpelekea mkubwa, mtoto humpelekea baba. Lakini mama mwenye mvi, mwenye kihamba chake, kumpelekea mkamuaji wa ng'ombe wake, hilo mzee Filemon alikuwa hajaliona maishani.

Bi Yuditha akampita Ezra, simu yake sikioni. Akasimama mbele ya Shedrack, mashati yake yametapakaa katikati yao.

"Shedrack," akasema. "Ni mimi."

Kwenye simu ya Ezra mtu alikuwa anasema haloo, haloo. Ezra akaikata bila kuiangalia.

"Wewe nini, mama?"

"Niliitoa mimi. Nilizima mtandao, nikapanda kigoda, nikaitoa. Fundi alisema ikitoka ukutani inaondoka na picha zake. Nimeiweka kwenye sanduku. Sikujua kwamba inaendelea kusikia." Alikuwa bado anamtazama Shedrack. "Sikufikiri watakushika wewe. Niliposikia Ezra anakutaja, nilitakiwa niseme palepale. Lakini alikuwa ameshasema anakuja. Nikajua nikisema, hatakuja. Nikanyamaza, siku mbili nzima, nikakuacha ufunge begi. Kamera ni yangu, naweza kuitoa. Kunyamaza ndiko kosa langu. Nisamehe."

Shedrack alikuwa amekaa mlimani vya kutosha kujua la kufanya. Akapangusa mikono kwenye suruali, akalipokea sale kwa mikono yote miwili.

"Nimepokea, mama. Yameisha."

"Aika, asante, mwanangu," Bi Yuditha akasema, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

"Kwa nini hukuniambia tu?" Ezra akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Bi Yuditha akamgeukia.

"Nilikuambia. Nilikuambia barazani pale, njoo nyumbani. Ukuta ukanijibu, mama, si tunaonana kila siku. Wewe unaniona, Ezra. Mimi nakuona wapi? Baba yako mdogo akaacha kupita. Majirani wakaacha. Nikabaki na shikamoo ya ukutani, nikiitikia peke yangu na mchele wangu mapajani. Beberu nimemlisha tangu Pasaka. Nikasema, nyumba imemshinda kuja kuiona, labda kamera atakuja kuitafuta. Ukaja."

Mzee Filemon alijifanya anajitoa mashona nguo. Ezra akachuchumaa uwanjani, akaokota shati la kwanza la Shedrack, akalikung'uta vumbi, akalikunja. Akaokota la pili. Picha ya binti aliipangusa kwa shati lake mwenyewe la ofisini kabla ya kumkabidhi Shedrack.

"Kaka Shedrack, nimekukosea mbele za watu. Nisamehe mbele zao."

"Sale limeshakuja, kaka. Ni la nyumba nzima."

Mektrida aliingia ndani, akainua kitambaa, akafungua sanduku. Kamera ilikuwa imeviringishwa kwenye khanga katikati ya mashuka, taa yake ndogo bado inawaka. Akatoka nayo. Safari hii hakumuuliza aliyelipia.

"Mama, hii tuiweke wapi?"

Bi Yuditha akajifuta macho, akafikiri.

"Iweke upande wa kahawa, huko nyuma. Wezi wa kahawa wapo kweli. Na kahawa haiamkiwi."

Mzee Filemon akacheka wa kwanza, kisha Shedrack. Mektrida akasema ataifunga hukohuko, na ya bandani ataizima kipaza sauti ng'ombe wapumzike. Ezra aliitikia yote kwa kichwa. Kisha akapanda ngazi za baraza, akaingiza simu mfukoni, akasimama mbele ya mama yake na kuinamisha kichwa mpaka mkono wa mama ukaweza kukifikia.

"Shikamoo, mama."

Bi Yuditha alimtazama kwanza, nywele, macho, mashavu, kama anayehakikisha ndiye.

"Marahaba," akasema. "Umekonda. Na geti umeliacha wazi."

Ezra akaenda kulifunga.